Goti la Digrii Mia na Themanini

Inatangazwa kwa watu wote wa Nchelenge na Kashikishi, wa visiwani na wa ng'ambo ya Ziwa Mweru, wenye magoti mazima na wanaotembelea fimbo, ya kwamba goti la kuume la Mama Emilienne limenyooka. Si kunyooka kwa kubahatisha. Limepimwa. Kutoka nyongani hadi kwenye kifundo, mguu umekuwa mstari mmoja, digrii mia na themanini bila kupungua hata moja, na asiyeamini aombe picha.

Tangazo hili lilisomwa kanisani Jumapili na Stéphane, mdogo wake Mama Emilienne, shemasi mwenye sauti kubwa kuliko kanisa lenyewe. Alilisoma kutoka kwenye simu huku amefumba jicho moja, maana kioo kilikuwa na ufa. Watu walipiga makofi. Mama Emilienne alikuwa amesimamishwa mbele, sketi imepandishwa mpaka pale heshima inapoishia, kovu linameta kwa mafuta. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani, ambayo ilikufa tangu Pasaka na bado anaitazama. Hii ilikuwa Jumapili ya tano mfululizo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, goti lake lilikuwa na miezi saba, na katika ukumbi ule mzima alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, nacho ni kiti.

Kabla goti hilo halijapata cheo, miguu ya Mama Emilienne ilikuwa ndugu. Yote miwili ilikuwa na matege ya aina moja, imepinda kwa nje kiasi kwamba mbuzi mdogo angepita katikati bila kuomba njia. Kule Pweto, tangu utotoni, watu walimwita Parenthèse, kwa sababu akisimama mbele yako ni mabano mawili na hakuna kilichoandikwa ndani. Jina hilo alivuka nalo mpaka wa Kongo, mwaka ule vita vilipofika na bunduki zake, pamoja na sufuria mbili na Noëlla, binti wa kaka yake marehemu, aliyemlea tangu msichana ana miaka minane. Alilima muhogo kwenye makazi ya wakimbizi misimu mitatu, akagundua kwamba muhogo nao unataka mtu wa kuinama, akahamia Kashikishi kuuza fretin, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani hadi vikakamae kama misumari.

Kuchagua fretin ni kazi ya magoti. Unapiga magoti mchangani asubuhi, unatenga samaki na mchanga, samaki na majani, samaki na yule asiyestahili kuitwa samaki, na ukiinua kichwa jua liko utosini. Miaka thelathini ya kazi hiyo, kwanza Pweto halafu huku, ililimaliza goti la kuume. Mfupa ukawa unasaga mfupa. Mama Emilienne alikuwa akipita, watu wanamsikia kabla ya kumwona.

Ndipo wakaja waganga wageni wa mifupa, kwa majuma mawili, katika hospitali moja iliyo mbali siku nzima na kipande kwa basi. Walimkata goti, wakatoa vilivyooza, wakaweka chuma na plastiki, wakamnyoosha, wakampiga picha, wakapanda ndege. La kuume tu. La kushoto waliliandika kwenye orodha ya kungoja, na orodha waliondoka nayo.

Hapo ndipo jiometri ilipoingia maishani mwake. Mguu mmoja wima, mwingine umepinda: ukimtazama kwa mbele, anayekuja ni herufi D. Watoto wa shule waligundua jambo hilo ndani ya siku mbili, kwa bidii ambayo walimu wao hawajawahi kuiona darasani. Mguu wa kuume ukawa mrefu kuliko wa kushoto kwa unene wa kidole, ikabidi fundi viatu agongee kipande cha tairi chini ya kandambili ya kushoto. Fretin sasa alichagulia juu ya mlango wa zamani uliowekwa juu ya mapipa, akiwa amesimama, na wenzake pale mchangani walisema, "Angalieni docteur, anapasua samaki."

Lakini haki ya chuma ni ya chuma. Yale maumivu ya kusaga yaliondoka. Alikuwa akilala. Akipita, hasikiki. Kilichobaki ni kwamba goti jipya lilikuwa na tabia za mgeni wa heshima: lilisimama vizuri, lilitembea vizuri, na lilikataa kabisa kukunjwa zaidi ya pale kiti kinapotaka.

Jambo hilo lisingemsumbua mtu yeyote, kama Noëlla asingepata mchumba. Mchumba mwenyewe ni Goodson, mwalimu wa hesabu kule Mwansabombwe, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Mama yake ni mjane, na kwa kuwa huku mama huitwa kwa jina la mtoto wake, anaitwa Bana Goodson. Zamani alinunua fretin sokoni Kashikishi kwa miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili anakijua, hasa cha kukataa bei.

Mwezi wa nne baada ya kupasuliwa, Mama Emilienne alipelekwa Mwansabombwe kujulishwa kwa wakwe. Waliingizwa sebuleni. Mwanamke huku, akisalimu watu wa heshima, hupiga magoti, hupiga makofi taratibu, na hukaa chini kwenye mkeka. Wanawake wote walishuka kama mvua. Mama Emilienne alibaki amesimama katikati kama nguzo ya umeme, anatafuta kiti, na kiti kilikuwa kimoja tu, na juu yake alikuwa amekaa Bana Goodson, ambaye hakuinuka kumpokea mtu wala hakuinuka kumsindikiza mtu. Walitazamana hivyo saa nzima, mmoja juu ya miguu yake, mwingine juu ya kiti chake.

"Umeona kiburi?" Stéphane alisema kwenye gari wakirudi. "Hata kuinuka! Hata tako moja!"

Siku ya tatu habari zikaja kutoka upande wa pili. Goodson alimpigia Noëlla, akasema kwa upole wake wote kwamba mama ameuliza swali dogo tu: huko Kongo wanawake hawapigi magoti, ama ni kwetu tu ndio hawapigi?

Sasa mambo yalikuwa yamefika kwenye vyungu. Kabla ya ndoa, watu wa bibi harusi humpelekea bwana harusi vyakula vyote watakavyompikia, chungu kwa chungu, wanawake wakienda kwa magoti mpaka miguuni pake, wakifunua na kueleza. Nachimbusa, yule mama anayefundisha mabibi harusi, alikwisha kueleza utaratibu: chungu cha kwanza, chenye kuku mzima, hufunuliwa na aliyemlea msichana. Na aliyemlea msichana ni mmoja.

"Tantine," Noëlla alimwambia shangazi yake, ameshika sindano mdomoni, maana yeye ni fundi cherehani na hata akilia anapinda upindo. "Chungu kimoja tu. Ingine bote tutabeba siye."

"Mutoto wangu, goti haikunje."

"Najua. Mais lakini bale hawajue. Ukisimama tena mbele ya Goodson na chungu mukononi, miye nitaingia mule nyumba kama mutoto wa mwanamuke mwenye kiburi. Mpaka nizeeke. Yule mama atanihesabia kila sahani."

"Si tuwaambie basi. Stéphane apige simu, aseme goti ni ya kupasuliwa, haikunje. Batu watasikia."

Stéphane alikuwa mlangoni anakula karanga. Akaacha kula.

"Yaya," alimwambia dada yake. "Bon. Kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Ile radio yako, ile picha ya mufupa. Nilitumia familia ya Goodson. Kwa furaha tu. Na ushuhuda kwa sauti, dakika kumi na moja."

"Ulisema nini dakika kumi na moja?"

"Ya kama goti ni mupya. Ya kama ni digrii mia na themanini. Ya kama sasa unatembea, unapanda ngazi..." Akatazama karanga zake. "Unaruka."

"Naruka?"

"Ni namna ya kusema, yaya."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Mtu mwenye goti bovu husamehewa kokote. Mtu mwenye goti jipya, lililonyooshwa na wazungu, lililopimwa, lililotangazwa kanisani mara tano na kutumwa kwa simu hadi Mwansabombwe, huyo akikataa kupiga magoti hana udhuru. Ana dharau. Mama Emilienne alikaa kwenye kiti chake, mguu wa kuume umenyooshwa mbele kama mtu anayeonyesha njia, akafumba macho. Harusi ilikuwa imebakiza majuma saba, vyungu majuma sita.

Jumatano alikwenda kwa Lloyd, katika hospitali ya hapa karibu. Lloyd ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana kutoka upande wa migodi, aliyejifunza Kiswahili kwa wauza samaki na kwa hiyo hawezi kusalimia bila kupunguza bei. Ana kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, anakiweka ubavuni mwa goti kama fundi seremala.

"Kukunja ni tisini na tano, mayo," alisema, na mayo kwa lugha ya huku ni mama.

"Wiki iliyopita?"

"Tisini na nne."

"Kupiga magoti ni ngapi?"

"Kusimama juu ya magoti tu, hapo hapo tisini. Chuma hakivunjiki, usiogope. Lakini utasikia kama umepigia magoti changarawe, maana hapo kwenye kovu pana ganzi na uchungu pamoja. Sasa kukaa chini juu ya visigino, ile ya heshima kabisa..." Akafungua kipimo, akafungua, akafungua. "Mia na hamsini. Na zaidi."

"Nimebakiza hamsini na tano."

"Eh."

"Digrii moja kila wiki."

"Hiyo ni wiki nzuri, mayo. Kuna wiki zingine hatupati kitu."

"Niko na wiki sita."

Lloyd alivuta faili, labda kwa ajili ya kutafuta pa kutazama. Akasoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Hapa waliandika kitu. Mayo, wewe ndiye ulichagua mguu unyooke hivi?"

"Kuchagua wapi?"

"Kuna njia mbili za kufanya kazi hii. Moja wanakunyoosha kabisa, kama rula. Nyingine wanakuachia matege yako kidogo, karibu na vile ulivyozaliwa, ili goti lifanane na mwili wako na mwenzake. Wameandika mgonjwa aliulizwa, akajibu anyooshwe kabisa."

Mama Emilienne aliikumbuka asubuhi ile. Muzungu mrefu, kofia ya karatasi, maneno marefu ya Kiingereza, na Stéphane pembeni anatafsiri. Aliyakumbuka maneno ya Stéphane neno kwa neno, kwa sababu yalikuwa machache kuliko ya muzungu: anauliza kama umekula. Naye akajibu hapana.

"Kwa hiyo njo maana haikunje?" aliuliza. "Juu ya kunyoosha sana?"

Lloyd angeweza kusema ndiyo, na pengine siku hiyo jibu hilo ndilo lililotakiwa. "Sijui, mayo. Kweli. Hao wenyewe wakubwa wa mifupa wanabishana. Wengine wanasema nyoosha, wengine wanasema acha, na wagonjwa wa huku na wa kule wanapona karibu sawa. Goti lako lilikuwa gumu hata kabla, ulikuja halikunji. Pengine hata wangekuachia matege, leo ingekuwa tisini na tano hiyo hiyo."

"Mais mguu ingefanana na mwenzake."

"Hiyo, ndiyo. Ingefanana zaidi."

Alirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu kupanda baiskeli ya kukodi ilikuwa ni digrii mia na kumi. Stéphane alikuwa uani. Hakumpa hata nafasi ya kusalimu.

"Docteur muzungu aliuliza nini siku ile?"

Stéphane hakuuliza siku ipi. "Yaya, docteur alikuwa na haraka."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza, inyooshwe kabisa ao ibakie kidogo kama zamani. Sasa miye ningejibu nini? Nani anaenda kwa fundi na mulango ya kupinda, anamwambia, tengeneza, mais uache ipinde?"

"Mulango ilikuwa yangu."

"Ni kweli."

"Na miye ulinambia anauliza kama nimekula."

"Na ulikuwa haujakula. Hapo sikudanganya."

Mama Emilienne alitafuta cha kumrushia, akaona kilicho karibu ni fretin na fretin ni mtaji. Stéphane alikaa chini kwenye tofali. Sauti ya shemasi ilikuwa imemtoka.

"Yaya, tulipokuwa batoto, tukipita barabarani, balikuwa wanaimba Parenthèse, Parenthèse. Miye nyuma yako nimebeba ndoo. Weye ulikuwa unacheka nao. Miye sikucheka hata siku moja. Basi muzungu anauliza: kunyoosha ao kuacha. Nilijibu bado hajamaliza kuuliza."

Kuna hasira ambayo inataka nguvu, na Mama Emilienne nguvu zake alikuwa amezimaliza kwa kutembea kutoka hospitali. "Niletee kiti," alisema.

Kuanzia hapo akafanya mazoezi. Nachimbusa, mama mnene asiyecheka, alikuja kila jioni kumfundisha. Walitafuta njia: ashuke kwanza kwa goti la kushoto, lile bovu, ambalo kwa uchungu wake wote linakunjika, halafu mguu wa kuume uteleze pembeni chini ya kitenge, pasipoonekana. Chini waliweka gunia la fretin liwe kama mto. Alishuka. Goti la kushoto lililia, la kuume likagoma, gunia likapondeka, na fretin za gunia lile baadaye zilinunuliwa na mtu wa kufuga kuku.

"Tena," nachimbusa alisema.

Alishuka tena. Akiinamia mbele anaelekea kushoto, kwa sababu mguu wa kuume ulikuwa unamsukuma kama mtu anayekuamsha. Akiegemea nyuma anakaa. Mara mbili alikaa juu ya mguu wa nachimbusa.

"Mumupatie mutu mwingine chungu," Mama Emilienne alisema siku ya kumi na mbili, jasho linamtoka. "Nimechoka mwe."

"Aliyemlea ni nani mwingine?" nachimbusa aliuliza.

Hakukuwa na mwingine. Kutoka ndani cherehani ilisimama. Noëlla alikuwa anasikiliza. Mama Emilienne alipangusa uso kwa kitenge, akashuka tena. Wiki ya tano Lloyd alipima akapata tisini na nane, akafurahi kuliko mgonjwa.

Jumamosi ya vyungu ilikuwa na jua kali. Walifika Mwansabombwe saa tano, wanawake kumi na mmoja, vyungu kumi na viwili, na Stéphane ambaye shughuli haikumhusu lakini alikuwa na simu ya kupiga picha. Sebule ilikuwa ile ile. Walikuwa wameipaka sakafu ile rangi nyekundu ya kung'arisha, ikang'aa hadi ukiona dari chini. Goodson alikuwa kwenye kigoda, amevaa suti, kalamu zake amenyang'anywa. Nyuma yake, kwenye kiti kile kile, alikaa Bana Goodson, mikono juu ya magoti, simu juu ya mapaja. Hakuinuka.

"Mwaiseni," alisema. Karibuni. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mguu wa kuume wa Mama Emilienne, yakabaki hapo.

Wanawake waliimba. Walishuka. Mama Emilienne, chungu cha kuku mkononi, alihesabu hatua zake tatu kama alivyofundishwa, akavuta pumzi, akatanguliza goti la kushoto kwenye mkeka.

Na lilikubali. Kwa muda wa kuhesabu mpaka mbili hivi, mbele ya watu wapatao arobaini, Mama Emilienne alikuwa amepiga goti, kichwa chini, chungu mbele, kitenge kimefunika kila kitu. Noëlla, aliyefunikwa shuka kama bibi harusi chumba cha pili, aliona kwenye ufa wa mlango na akafumba mdomo kwa mkono.

Halafu mkeka ukateleza juu ya ile rangi.

Uliteleza polepole, bila haraka, kama mtumbwi unaosukumwa majini. Goti la kushoto likaenda nao. Mguu wa kuume, ambao tangu mwezi wa kwanza haukuwa na mpango na mtu, ulitoka chini ya kitenge na kunyooka mbele. Mama Emilienne alikaa kishindo. Chungu hakikumwagika, alikiinua juu kama mtu anayevuka mto na mtoto. Lakini mguu ulikuwa umenyooka digrii zake zote mia na themanini, kandambili imetoka, na kidole gumba kimemwelekea bwana harusi kifuani.

Wimbo ulikatika. Kwa mama mkwe kumwonyeshea mkwe unyayo, siku ya vyungu, hakuna aliyejua kuna adhabu gani, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri ingehitajika. Goodson aliutazama ule mguu kwa makini, kama mwalimu wa hesabu. Stéphane aliteremsha simu.

Bana Goodson akashika mikono ya kiti.

Watu walidhani anainuka kwa hasira. Alijisukuma, akarudi chini. Akajisukuma mara ya pili, meno yameumana, akarudi. Goodson akaruka kumshika, mama akampiga kofi la mkono, "Awe, hapana, niache." Mara ya tatu alisimama, akakaa hivyo kidogo, anangoja dunia itulie. Kisha akaanza kutembea kuzunguka kigoda. Na sebule nzima ikasikia. Kile kisauti. Mfupa na mfupa.

Mama Emilienne, pale chini, aliona kwanza miguu. Ilikuwa inakuja miwili, imepinda kwa nje, ndugu kabisa, nafasi ya mbuzi katikati. Mabano mazima, hayakosi hata moja. Ndipo alipoelewa kwamba mwezi ule wa nne, saa nzima ile, walikuwa wanawake wawili wanaoogopana: mmoja hawezi kushuka, mwingine hawezi kuinuka.

Bana Goodson alisimama juu yake. "Lete hicho chungu, mayo," alisema, akakipokea kwa mikono miwili, bila kukifunua, akampa Goodson. "Kuku tumepokea. Endeleeni, nyinyi wengine, mnashangaa nini?"

Hakuna aliyeendelea.

"Nyumba hii inamtaka mutoto wako," alisema Bana Goodson. "Hiyo imekwisha. Mimi nataka kitu kingine." Alitoa simu, akaigeuza. Kwenye kioo ilikuwa ile picha, mfupa mweupe na chuma cheupe zaidi, imevutwa na kuvutwa hadi imekuwa ukungu. "Hii naangalia kila siku. Sauti ya ndugu yako nimesikiliza yote, dakika kumi na moja, mara mbili. Mimi pia nimepewa barua ya kwenda kukatwa. Hao wazungu wanarudi mwezi ujao. Watoto wananiambia nenda, mama, utanyooka. Mchungaji anasema nenda. Miguu ni yangu na mimi naogopa. Siku ile ulisimama saa nzima, nikasema, angalia yule, amepona mpaka hataki kukaa na watu. Nikakuonea wivu, mayo, nikakasirika."

"Mama," Stéphane alianza, koo limeshapata moto wa shemasi, "naweza kusema ya kama, kwa neema, ile siku ya upasuaji..."

"Wewe sauti yako ninayo hapa kwenye simu," Bana Goodson alisema. "Nataka ya mwenye goti."

Alijaribu kuinama, ikashindikana, akabaki ameegemea bega la mwanawe. Sauti yake ikawa ndogo. "Niambie ukweli, mwe. Nikienda, nikanyooshwa kama wewe, nitakuwa namna gani?"

Simu saba ziliinuliwa kurekodi. Stéphane alikuwa akimpa dada yake ishara kwa macho, ya kwamba hii ndiyo nafasi.

Mama Emilienne aliutazama mguu wake, mrefu, mweusi, umenyooka juu ya sakafu nyekundu kama uliowekwa pale na mtu mwingine. Akafikiri kidogo, kwa sababu ameulizwa, na ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa.

"Zamani yalikuwa yanauma mawili," alisema. "Sasa inauma moja. Na hiyo ingine haikunje. Munipatie kiti."